Nilinunua kishikwambi ili niokoe miti

Nina duka la steshenari Mbagala, hatua chache kutoka geti la shule ya msingi. Natoa kopi, naprinti, nauza madaftari, kalamu na manila. Siku moja mwishoni mwa 2021 mwanangu mkubwa, wakati huo yuko darasa la pili, alitoka shule akanyoosha moja kwa moja hadi dukani. Walikuwa wamefundishwa habari za mazingira. Akaziangalia rimu nilizozipanga chini ya kaunta, akaniuliza mbele ya wateja: "Mama, kumbe wewe unauza miti?"

Wateja walicheka, na mimi nikacheka nao. Usiku kitandani kicheko kikaniishia. Rimu moja ya A4 ina karatasi 500, na kipindi cha mitihani duka langu linamaliza rimu nne kwa siku. Nyumbani nako kulikuwa na boksi zima la vitabu vya hadithi, vingine vimeshachanika. Nikajiona mimi ndiye msumeno wenyewe.

Ndipo nikachukua uamuzi: ninunue kishikwambi (tableti), wanangu wasomee hadithi humo badala ya karatasi. Uamuzi huo ulinigharimu shilingi 335,000, ukiacha yale yasiyohesabika kwa shilingi. Nimeamua kuandika kwa sababu wiki mbili zilizopita jirani yangu, baba wa watoto wawili, alinipigia yuko Kariakoo, kishikwambi kiko mkononi, muuzaji anasubiri. "Jirani, nikichukue hiki au ninunue vitabu?" Nikamwambia arudi nyumbani kwanza.

Cha kwangu nilikinunua Januari 2022, hapo hapo Kariakoo, kwa 185,000. Nilikichagua kwa kigezo kimoja: kilikuwa cha bei ya chini kuliko vyote mezani. Sikuuliza mfumo wake ni wa mwaka gani. Sikuuliza nafasi iliyobaki baada ya programu zake zenyewe kukaa. Muuzaji alisema GB 16, nikaamini nina GB 16. Nilipofika nyumbani nikakuta karibu nusu imeshaliwa. Nikaongeza memori kadi 20,000, kava 15,000 na kioo cha kulinda 8,000. Miezi mitatu ya kwanza bando likala 30,000, kwa sababu nilikuwa nikipakua hadithi moja moja usiku badala ya kukaa siku moja penye Wi-Fi nikapakua zote. Baadaye ilikuja tachi mpya 65,000 na chaja 12,000. Jumlisha mwenyewe. Kitabu cha hadithi cha mtoto nilikuwa nikikipata kwa wastani wa 5,000. Fedha ile ilikuwa vitabu 67.

Kosa la pili ndilo linaloniuma zaidi. Nilifunga lile boksi la vitabu, thelathini na kitu, nikampelekea mwalimu wa chekechea ya mtaani kwetu. Kugawa vitabu si kosa, jamani. Kosa lilikuwa kugawa vyote, hata vile ambavyo wanangu walikuwa bado wanavisoma, kwa sababu nilishaamini kwamba karatasi ni jambo la zamani na sisi tumehama.

Niseme ukweli, wiki za mwanzo zilikuwa tamu. Niligundua African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2014, ambao una hadithi fupi za bure katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Nikagundua na StoryWeaver ya Pratham Books wa India, iliyoanza mwaka uliofuata, nayo ina Kiswahili. Zilikuwa hadithi za watoto wanaochota maji, wanaopanda daladala, wanaokula ugali. Vitabu vingi vya mitumba nilivyokuwa nikivinunua Posta, vile vya kutandazwa barabarani, vilikuwa vya Kiingereza, na watoto wa humo wanatengeneza sanamu za theluji. Kitinda mimba wangu alikuwa akiita theluji "uji." Kwa upande huo kishikwambi kilitufungulia mlango ambao duka la vitabu lilikuwa halijatufungulia, na mpaka leo sijaacha kuzitumia hadithi zile.

Sasa njoo miezi miwili baadaye.

Jioni moja nilikuwa jikoni nakaanga dagaa. Mkubwa yuko sebuleni na kishikwambi, amesoma hadithi tano mfululizo. Nikamuuliza kwa mbali, ya mwisho ilihusu nini? Kimya. Kisha: "Ilikuwa na sungura." Sungura alifanya nini? "Alikuwepo." Nikatoka na mwiko mkononi nikamtazama. Kidole chake kilikuwa kinafanya kazi kuliko macho: anafagia ukurasa, anafagia, anafagia. Kitinda naye, wakati ule ana miaka mitatu, alikuwa kakaa pembeni anagonga picha ya kuku kwa kidole, kuku hatikisiki, anagonga tena. Alipochoka akakisukuma.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba si kioo peke yake kilichokuwa tatizo. Zamani, na kitabu cha karatasi, kitinda hakuwa na namna ila kuja mapajani kwangu. Kitabu hakiwaki taa wala hakimwiti. Lazima mtu mzima akifungue, na mtu mzima akishafungua ataulizwa huyu nani, kwa nini analia, mama yake yuko wapi. Kishikwambi kilinipa nafasi ya kwenda jikoni, na nilikwenda. Wazazi wengi tunanunua hicho hasa, ila tunakiita elimu.

Baadaye nilisoma kwamba watafiti wameshalipima jambo hili. Mwaka 2021 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 39 za watoto wa mwaka mmoja hadi minane, zaidi ya watoto 1,800 kwa jumla. Hadithi ile ile ikiwekwa kwenye karatasi na kwenye kioo bila kuongezewa chochote, watoto huielewa vizuri zaidi kwenye karatasi. Lakini uchambuzi huo huo ukasema jambo ambalo wapenzi wa karatasi hatupendi kulitaja: kitabu cha kidijitali kikiongezewa vitu vinavyoisaidia hadithi yenyewe, kinaweza kuishinda karatasi. Vile vyenye kamusi ndani vilisaidia watoto kujifunza maneno, ila havikuwasaidia kuelewa kisa. Utafiti mwingine, wa Marekani, 2019, uliwaangalia wazazi 37 wakiwasomea watoto wadogo, ukakuta kwamba kwenye kishikwambi mzazi na mtoto wanaongea kidogo kuliko kwenye kitabu. Nilipousoma huo nikakumbuka dagaa wangu.

Mwaka huo huo wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kitinda wangu alikuwa akivuka saa hiyo kabla ya chai ya asubuhi.

Halafu matangazo. Zile programu mbili nilizozitaja hazikuniletea shida hiyo. Nilijitakia mwenyewe nilipopakua nyingine, ya bure, yenye hadithi zinazocheza kama katuni. Usiku mmoja mkubwa akaniuliza, "Mama, mkeka ni nini?" Nikamjibu, si huo tunaoukalia? Akasema hapana, huu mtu akiuweka anapata milioni. Katikati ya hadithi ya kobe walikuwa wanamwekea tangazo la kubeti. Nilikifuta kile kitu mbele yake. Kama una mtoto na kishikwambi, fanya hivi: pakua hadithi, kisha zima data na Wi-Fi kabla hujampa. Mimi nilijifunza kwa mkeka.

Kifo cha kishikwambi kilikuja kwa awamu. Kwanza kilianguka, tachi ikafa, nikalipa. Kisha programu ya kusomea ikaandika kwamba mfumo wa kifaa ni wa zamani mno, haifunguki. Hadithi ziko ndani, nafasi inaonyesha zimo, lakini ufunguo umebadilishwa. Machi 2023, miezi kumi na minne tangu nikinunue, nikaona kioo kimejiinua pembeni kama kifuniko cha sufuria. Nikakipeleka kwa fundi simu. Hakukifungua hata kukifungua. Alikigeuza tu, akasema, "Dada, betri imevimba hii. Usichaji tena, itakuunguzia nyumba."

"Betri mpya?"

"Ya hii hamna. Tupa."

Nitupe wapi? Hapo ndipo swali la mwanangu liliponirudia. Karatasi nikiitupa najua mwisho wake: inafungia karanga, inawashia mkaa, au inaoza kwenye tope la Machi. Hiki nikikipeleka jalalani kitachomwa pamoja na maganda ya ndizi, moshi wake utarudi madirishani kwetu. Ripoti ya dunia ya taka za umeme iliyotoka 2024 inasema mwaka 2022 peke yake dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na zilizokusanywa na kurejelewa kwa utaratibu unaojulikana hazikufika hata robo, asilimia 22.3. Zingine ziko kwenye madroo kama langu, au jalalani. Changu kilikaa drooni miezi minne, jambo ambalo nalo lilikuwa ujinga, kwa sababu betri iliyovimba si kitu cha kulala nacho nyumba moja. Mwishowe nilikikabidhi kwa mkusanyaji wa taka za umeme mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kama unacho cha namna hiyo, usikitoboe, usikichaji, kiweke mbali na moto na juani, na ukiondoe mapema.

Kaka yangu ni dereva wa malori ya transiti. Anapakia Dar, anapita Tunduma, anaingia Zambia, anaenda hadi Lubumbashi na Kolwezi, anarudi na mzigo wa bandarini. Nilipomwonyesha ile betri iliyovimba akacheka. "Hiyo huenda nimeibeba mimi." Mara nyingi anarudi na shaba, lakini safari nyingine ni mifuko mikubwa ya kobalti, madini yanayotumika kwenye betri nyingi za simu na vishikwambi, na kiasi kikubwa cha kobalti yote ya dunia, kama asilimia 70, kinachimbwa Kongo. Akatusimulia mashimo aliyoyaona kando ya barabara Kolwezi, watu wanashuka kwa kamba, na watoto wanaoshea mawe kwenye dimbwi. Mkubwa wangu alikuwa anasikiliza. Hakusema kitu. Aliuliza tu wale watoto wako darasa la ngapi.

Watu wengi wakifikiria kishikwambi na mazingira hufikiria umeme. Sio huko. Betri ya kile changu ilikuwa ndogo kiasi kwamba uniti moja ya Luku ingekijaza mara arobaini hivi. Mzigo mkubwa uko kabla hujakiwasha: mgodini, kiwandani, kwenye kutengeneza vichipu na kioo. Ndiyo maana umri wa kifaa ni kila kitu. Nimekutana na hesabu mbalimbali za idadi ya vitabu ambavyo lazima usome kwenye kifaa kimoja ili kilipe gharama yake kwa mazingira, kuanzia ishirini na kitu hadi mia moja, kulingana na nani kapiga na kaanza kuhesabia wapi. Vyovyote iwavyo, zinachukulia kwamba ungenunua vitabu vyote hivyo vipya na kuvisoma peke yako. Nani kwetu anasoma kitabu cha mtoto peke yake?

Desemba 2023 tulikwenda kwa wakwe, Mufindi. Nilikuwa nimeshakwenda mara nyingi, lakini sikuwahi kutazama miti ile kama mtu anayetafuta jibu. Kutoka Mafinga ukiingia ndani ni mipaini kilomita kwa kilomita, Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini, na mbele zaidi kiko kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza kazi miaka ya 1980. Nikamwambia baba mkwe habari ya mjukuu wake na miti. Alikuwa anaweka kuni jikoni. Akanyooka akasema, "Mwambie huu nimeupanda ili ukatwe. Usipokatwa, ada ya shangazi yake inatoka wapi?"

Basi nikadhani nimepata jibu: karatasi inatoka kwenye miti iliyopandwa kama mahindi, tulale usingizi. Lakini mzee huyo huyo asubuhi yake alinishusha bondeni kunionyesha kinyungu chake. Zamani alikuwa akilima mboga na mahindi mabichi humo wakati wa kiangazi, udongo unatoa maji ukiukanyaga. Jirani wa juu akapanda milingoti (mikaratusi) hadi karibu na chemchemi. Milingoti inakunywa maji hatari. Udongo niliukanyaga na raba zangu zikatoka kavu. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Milingoti ile nilihesabu hatua, ilikuwa haifiki ishirini.

Na kuna jambo lililonichekesha mimi muuza karatasi: Mgololo siku hizi inatoa zaidi karatasi ngumu za kahawia za mifuko na vifungashio, ambazo tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 zina soko lake. Karatasi nyeupe ninazouza mimi zimekuja kwa meli. Niliporudi Dar nikageuza ukurasa wa mwanzo wa kila kitabu kilichokuwepo nyumbani, nione kimechapwa wapi: India, China, India, Kenya, India, na viwili tu Dar es Salaam. Kwa hiyo hata kitabu cha Kiswahili cha mtoto wa Mbagala huenda kimesafiri bahari nzima. Kitu kisicho na doa sikukipata, si Mufindi wala Kolwezi.

Kilichonipanga akili ni mtoto wa chekechea. Mwanzoni mwa 2024 alikuja dukani, katumwa na mwalimu, ana kitabu hakina jalada. "Mwalimu kasema ukiwekee kava." Nikakipokea, nikakifungua, nikakutana na mwandiko wa mwanangu mkubwa akiwa darasa la kwanza: jina lake, herufi moja imegeuka. Kilikuwa kimoja cha boksi langu. Chini ya jina lake kulikuwa na majina mengine, watoto wa chekechea nao walikuwa wanajiandika kila anayemaliza kukisoma. Nikahesabu majina kumi na manne. Kimeunganishwa kwa selotepu mgongoni, kurasa mbili zina alama ya chai, ukurasa mmoja hamna. Miaka miwili ile ile kishikwambi changu kilikuwa kimezaliwa, kimekula 335,000, kimevimba na kimezikwa.

Nikatoa manila, nikakata, nikapiga stepla. Sikuchukua hela.

Usiku huo nikafanya jambo ambalo mtu mwenye printa alipaswa kulifikiria tangu siku ya kwanza. Zile hadithi za African Storybook zina leseni huria. Nyingi zinaruhusu kuchapa na hata kuuza, mradi majina ya mwandishi, mchoraji na mfasiri yabaki. Soma leseni ya kila hadithi, kwa sababu ziko zinazokataza biashara, na hizo mimi nachapa za kugawa bure tu. Nikachukua hadithi ya kurasa 16. Karatasi ya A4 ukiikunja katikati inabeba kurasa nne, kwa hiyo hadithi nzima ni karatasi nne. Karatasi moja ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina uzito wa gramu 5. Kijitabu kizima ni gramu 20 na jalada la manila juu. Rimu moja inatoa vijitabu 125.

Vya kwanza kumi viliharibika vyote. Ukurasa wa 2 ulikuwa nyuma ya wa 1 vizuri kabisa, lakini kichwa chini. Ikiwa utajaribu: kwenye dirisha la kuprinti chagua Booklet, na kwenye kugeuza karatasi chagua upande mfupi, sio mrefu. Hakikisha kurasa zinagawanyika kwa nne. Zisipogawanyika zitabaki kurasa tupu nyuma, ziachie mtoto achore. Printi kimoja kwanza ukikunje kwa mkono kabla hujaamuru hamsini. Na usipige rangi. Wino wa rangi ungenifilisi, lakini kumbe nyeusi na nyeupe ina faida yake: wanangu waliketi na penseli za rangi wakazipaka picha wenyewe. Kitinda alimpaka fisi rangi ya zambarau, akatumia karibu nusu saa kwenye miguu yake tu, na hadithi ya fisi yule anaijua mpaka leo neno kwa neno. Alipokuwa anamgonga kuku kwenye kioo hakuna aliyempa nafasi ya kumfanyia kuku chochote.

Vijitabu hivi havidumu kama kitabu cha dukani. Stepla inashika kutu kwa unyevu wetu wa pwani, manila inalegea, na tona nayo si uji wa lishe; makopo yake nayajaza tena na tena lakini mwisho wake nayo ni taka. Vile nilivyoruhusiwa kuuza nauza 500, bei ya chips za mkononi. Vinanirudishia gharama na kidogo juu.

Nimenunua kishikwambi kingine. Ndiyo, nimenunua, na nilimwambia jirani hivyo hivyo akashangaa. Hiki ni cha mtumba. Fundi yule yule alinitafutia chenye betri inayopatikana mjini na mfumo usio wa zamani sana, nikakichaji na kukitumia dukani kwake saa nzima kabla ya kulipa. Kinakaa dukani, si nyumbani. Napekua hadithi humo, nachagua, ile inayopendwa naiprinti. Mkubwa, ambaye sasa anasoma mambo ya darasa lake, anakitumia kutafuta anachokitaka. Kwa umri wake sina ugomvi naye. Kitinda anapata karatasi na mapaja. Jumamosi moja moja tunapanda daladala kwenda Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere 1967. Miaka yote niliyokuwa nikilia kwamba vitabu ni ghali, ilikuwa pale pale, safari moja tu ya daladala.

Jirani alinisikiliza yote haya akiwa kakaa kwenye kiti changu cha wateja, feni inampulizia. Kisha akauliza swali la kiume: "Sasa ile laki na themanini ya kishikwambi niitumieje?" Nikampigia hesabu nyuma ya risiti. Vitabu kumi vipya vya Kiswahili, vya waandishi wetu, kwa sababu hadithi za bure zikitutosheleza sisi sote hao waandishi watakula nini: 50,000. Mitumba ya Posta, achague kwa macho, sio kwa kilo: 20,000. Vijitabu vyangu, 10,000. Nauli za maktaba. Inayobaki aiweke mpaka ipatikane mashine nzuri iliyotumika. Na achonge rafu, juu ya usawa wa maji ya mvua, isiguse ukuta, maana mchwa wa Mbagala hawajui thamani ya hadithi.

Rafu amechonga. Jana alikuja na flashi yenye hadithi nane alizozichagua na binti yake, anataka zote zikunjwe. Ya sita ina kurasa 18, hazigawanyiki kwa nne. Binti amesema zile mbili tupu za nyuma ni zake, nisiprinti kitu.